Anzia sikioni: monita za masikioni zinapoisumbua bendi ya vyombo vikavu

Huku Mtwara, kusini mwa Tanzania, korosho zikianza kuuzwa, kuanzia Oktoba hivi, kazi zinaongozana. Ijumaa harusi Mikindani, Jumamosi Shangani, Jumapili vyombo vinapakiwa tena, safari ya Lindi. Bendi yetu ni ya vyombo vikavu, vinavyolia vyenyewe bila umeme: magitaa makavu mawili, besi moja, ngoma tatu za ngozi, kayamba na waimbaji watatu. Mimi ndiye fundi mitambo.

Tulitoa spika za monita jukwaani, zile zinazomrudishia mpigaji sauti yake, tukahamia monita za masikioni, yaani vispika vidogo vya kuvaa sikioni, kwa sababu ya magitaa. Gitaa kavu ni sanduku tupu lenye tundu. Ukiliwekea spika hatua moja mbele yake, sanduku lenyewe linaanza kuitikia. Ukiongeza kidogo, linanguruma. Ukipunguza, mpigaji hajisikii. Sauti ikipelekwa sikioni, sanduku halina cha kuitikia, na maiki za waimbaji nazo zinaacha kupiga mluzi.

Ila monita za masikioni zina maradhi yake, na mgonjwa hakutajii jina la ugonjwa. Mwimbaji anakuita kwa mkono, anasema, "Fundi, sijisikii." Hiyo "sijisikii" moja inaweza kuwa na sababu kumi. Kwa hiyo nimeyapanga matatizo haya kwa maneno ya wanaolalamika, halafu nikaeleza kinachosababisha na unachoweza kufanya muziki ukiendelea.

Utaratibu wangu ni kuanzia sikioni na kurudi nyuma: kizibo kinachoingia tunduni, waya, risiva ya kiunoni inayopokea sauti, betri, antena, transmita inayoirusha, miksa inayochanganya sauti zote, maiki, chombo chenyewe. Mafundi wengi wanaanzia kwenye miksa kwa kuwa ndipo walipokaa. Wanazungusha vitufe nusu saa, na tatizo liko kwenye kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya korosho.

"Besi haipo, inalia kama simu"

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi miksa haina kosa. Monita ya sikioni inatoa besi kwa kusukuma hewa kidogo iliyofungiwa ndani ya tundu la sikio. Pakiwa na mwanya hewa inatoka, na inayopotea kwanza ni besi. Zinabaki sauti nyembamba za juu, ndiyo maana inafanana na simu.

Kipimo ni rahisi. Mwambie akandamize monita kwa kidole, taratibu, muziki ukiwa unapita. Besi ikirudi, tatizo ni kizibo. Isiporudi, endelea kurudi nyuma.

Vizibo vya silikoni huja kwa saizi tatu au zaidi, na watu wengi wanavaa ile iliyokuja imefungwa tayari, ya kati. Masikio ya mtu mmoja yenyewe hayalingani: kushoto inaweza kukaa ya kati, kulia ikataka kubwa. Jaribuni kila sikio peke yake, na mwimbaji ajaribu huku anaimba "aaa" kwa mdomo uliofunguka kabisa. Taya likishuka, tundu la sikio linabadilika umbo. Kizibo kilichokaa vizuri mtu akiwa kimya kinaweza kuachia akifika kwenye noti ya juu.

Kuvaa nako kuna namna yake. Mkono wa upande wa pili unapita nyuma ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, halafu mkono mwingine unaingiza monita kwa kuizungusha. Kama ni kizibo cha sponji, kifinye kwanza kiwe chembamba, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika mpaka kijae. Wengi wanakiachia mapema, kinafura kikiwa nje ya tundu, kinakaa mlangoni. Kwa joto letu na jasho la jukwaani mimi napendelea sponji kwa waimbaji, kwa sababu silikoni ikilowa inateleza. Lakini sponji inachakaa. Ukiiona imekuwa ngumu au hairudi umbo lake, itupe.

Jambo moja sijaliona kwenye maelekezo ya kiwandani, na huku ni la kila wiki: mtandio. Dada anayeongoza uimbaji wetu alikuwa anapoteza besi kila akigeuka kushoto. Tulibadilisha vizibo, tukabadilisha waya, tukabadilisha risiva. Mwisho nikamwangalia kwa makini akiimba, nikaona waya wa monita umepita juu ya mtandio. Kila akigeuza shingo kitambaa kinauvuta, na monita inatoka kwa upana wa ukucha. Siku hizi waya unapita juu ya sikio, unashuka kisogoni, unabanwa kwa klipu kwenye kola ya gauni, ndipo mtandio unafungwa juu ya vyote. Kazi hiyo anaifanya mwimbaji mwenzake kule wanakojiandaa, kabla hawajapanda, na waya unaachiwa ulegee kidogo shingoni ili kichwa kigeuke kwa uhuru. Kwa wanaovaa kofia ya kiua, angalia ukingo wa kofia usiegemee monita.

Usijaribu kuponya mwanya kwa kuongeza besi kwenye miksa. Mwimbaji akijisukumia monita katikati ya wimbo, besi yote uliyoongeza inampiga kichwani kwa mara moja.

"Sauti yangu inavuma kama niko ndani ya pipa"

Ziba masikio yako kwa vidole, sema "mmm". Huo mvumo ndio anaoulalamikia. Sauti ya mtu inasafiri pia kwa njia ya mifupa ya kichwa, na tundu la sikio likizibwa, mtetemo wa chini uliozoea kutoka nje unabaki ndani. Mtu asiyezoea anashtuka, anadhani maiki imeharibika.

Kwanza ingizeni monita ndani zaidi. Kizibo kikikaa mlangoni mwa sikio mvumo unakuwa mkubwa. Kikizama vizuri unapungua. Pili, kwenye miksa kata sauti za chini za maiki yake, chini ya hezi 100 au 120 hakuna anachokihitaji pale. Halafu mpandishie kidogo sauti yake ya kati ili anachokisikia kwa monita kizidi kile cha mifupani. Wengi wanazoea baada ya mazoezi mawili matatu, kwa hiyo usimvalishe mtu monita kwa mara ya kwanza siku ya harusi.

Lalamiko linalofanana na hili ni "sauti yangu ni nyembamba, ina shimo katikati". Hapo shuku kwamba ishara ya maiki yake imegeuzwa, chanya imekuwa hasi, kwa sababu ya waya uliochomelewa vibaya au kitufe kilichobonyezwa kwenye miksa. Kwenye spika za ukumbini hakuna atakayegundua. Sikioni inajulikana, kwa kuwa sauti ya monita inagongana na ile ya mifupani na zinafutana. Mwambie aimbe "ooo" ndefu ya chini, wewe bonyeza kile kitufe chenye duara lililokatwa kwa mstari kwenye chaneli yake. Achague upande unaompa sauti nene.

Na akisema inasikika kama bati, au kama kuna mtu anaimba naye kwa nyuma, hiyo ni kuchelewa. Miksa ya kidijitali ya kawaida inachelewesha kwa milisekunde chache, na hilo watu wanalivumilia. Ukipitisha sauti kwenye kompyuta njiani, inaongezeka. Vile visikilizio vya Bluetooth vya simu kwa kawaida huchelewesha milisekunde 100 na zaidi. Sauti hewani inakwenda kama mita 34 kwa muda huo, yaani ni kama ngoma inapigwa upande wa pili wa uwanja. Hakuna bendi inayoweza kwenda pamoja namna hiyo. Vijana wananiuliza kila mara kama wanaweza kuanza na vya simu kwa kuwa ndivyo walivyonavyo. Vya Bluetooth, hapana. Vya waya, vile vya kawaida vinavyoziba vizuri, ndiyo, mnaweza kuanzia hapo.

"Niko peke yangu"

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa wapigaji wazuri. Muziki wetu unalishwa na watu. Vigelegele vikipanda, mpigaji anajua aongeze mzunguko; mama mmoja akiingia kati kucheza, ngoma inamfuata. Ukimziba mpigaji masikio umemfungia nje ya sherehe aliyoitwa kuitumikia.

Matokeo yake utayaona kwa macho: anatoa monita moja. Hapo yamezaliwa matatizo mawili. Masikio mawili kwa pamoja husikia sauti kuwa kubwa kuliko sikio moja, kwa hiyo akitoa moja analazimika kupandisha iliyobaki. Na kelele za jukwaani zinaingia kwenye sikio lililo wazi, anapandisha tena. Mwisho wa usiku sikio moja limebeba mzigo wa mawili.

Dawa yake ni maiki mbili za ukumbi. Ziweke kwenye kingo mbili za mbele za jukwaa, zikiwatazama watu na kuzipa kisogo spika kubwa. Moja ipeleke sikio la kushoto, nyingine la kulia, na usizipeleke kabisa kwenye spika za nje. Wakati wa wimbo ziwe chini. Wimbo ukiisha, pandisha. Tangu tuzifunge, mpigaji kayamba wetu hajatoa monita hata mara moja, na yeye ndiye aliyekuwa anaongoza kwa kuzitoa.

Halafu kuna MC. Maiki yake mara nyingi iko kwenye miksa nyingine, ya watu wa muziki wa kwenye kompyuta, na bendi iliyozibwa masikio haimsikii. Anasema "bwana harusi anaingia", bendi imekaa kimya. Omba waya mmoja kutoka miksa yao uje kwako kabla sherehe haijaanza, uuingize kwenye monita za wote. Ongeza maiki moja ya maongezi inayosikika masikioni tu, kiongozi wa bendi aseme "rudia kiitikio" bila ukumbi kusikia.

Kama mfumo wako una njia mbili, kushoto na kulia, zitumie. Gitaa la kwanza lisogeze kushoto kidogo, la pili kulia, sauti ya mvaaji ibaki katikati. Vitu vikitenganishwa hivyo, anasikia kila kimoja bila kuomba upandishe.

"Nilikuwa najisikia, ghafla sijisikii"

Swali la kwanza ni lako mwenyewe: umegusa fada gani, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli? Ukipunguza sauti ya gitaa nje na mpigaji akaipoteza sikioni, njia yake ya monita imechukuliwa baada ya fada. Ihamishie kabla ya fada. Kwenye miksa nyingi kuna kitufe cha PRE karibu na kitufe cha AUX, kile kinachopeleka sauti kwenye monita. Kwenye za kidijitali ni mpangilio wa kila njia. Kagua pia kompresa, ile inayobana sauti ikizidi nguvu. Ukimbana mwimbaji nje kwa kompresa na njia yake ya monita ikachukuliwa baada yake, kila akiongeza nguvu anasikia sauti inarudi chini, anakazana zaidi, koo linakauka kabla ya usiku wa manane.

Kama hujagusa kitu, jiulize amejazwa vitu vingapi. Mtu anayelalamika hajisikii mara nyingi ana kila kitu masikioni. Toa badala ya kuongeza. Mimi naanza na sauti yake, chombo chake, kitu kimoja cha mapigo na kimoja cha kumpa noti, basi. Vingine aombe mwenyewe.

Na usisahau chombo chenyewe. Usiku mmoja Mikindani, jukwaa likiwa karibu kabisa na maji, mzee anayepiga ngoma kubwa aliniita.

"Fundi, ngoma yangu umeiua."

"Shikamoo mzee, ngoja niangalie."

Nikaangalia njia yake ya monita, sawa. Maiki, sawa. Betri, sawa. Nikamwendea. Nikaweka kidole gumba katikati ya ngozi, kikazama kama kwenye unga uliokandwa. Umande wa bahari ulikuwa umeingia kwenye ngozi tangu saa tatu, na mlio ulishuka kidogo kidogo mpaka ukapotea chini ya besi. Mzee aliishika ngoma mwenyewe, akaielekeza uso kwenye moto wa makuti nyuma ya jukwaa, anaigeuza, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaigeuza tena. Alipoirudisha kwenye maiki sikugusa kitufe chochote, na monita yake "ikapona". Tangu siku hiyo moto ni sehemu ya mitambo yangu, na nyimbo zimepangwa ili kila ngoma ipate zamu ya kwenda motoni.

"Gitaa linalia kama bati"

Pikapu, kinasa sauti cha chini ya daraja la gitaa, ina ukali ambao spika kubwa zinauficha na monita za masikioni zinauanika. Pitisha gitaa kwenye DI, kisanduku cha kuunganishia chombo na miksa, iliyotengenezwa kwa ajili ya pikapu za aina hiyo, yenye upinzani mkubwa wa kuingilia, megaomu 1 au zaidi, la sivyo mwili wa sauti unapotea mlangoni. Kisha punguza kidogo kati ya kilohezi 1.5 na 3, ukitafuta kwa sikio. Jukwaa lisilo na spika za monita linakuruhusu pia kuongeza maiki ndogo mbele ya gitaa kwa ajili ya masikio ya mpigaji. Atakushukuru.

"Inakatika-katika"

Hapa ni mawimbi, kwa wanaotumia mfumo usio na waya. Anza na betri, na usiamini taa peke yake. Betri za kuchaji ni volti 1.2, za kawaida ni 1.5, na risiva iliyopangwa kwa aina moja inasoma vibaya nyingine. Mimi naweka mpya, au zilizochajiwa siku hiyo, kwa kila shoo, na wakati wa mapumziko ya chakula nakagua. Betri za bei ya chini sana zimeshaniangusha kabla shoo haijafika nusu, sizinunui tena.

Pili, risiva imekaa wapi? Mwili wa binadamu una maji mengi na unazuia mawimbi. Risiva ikiwa mfukoni kwa nyuma na transmita iko mbele, kuna mtu mzima katikati. Ivae upande unaoitazama antena, na antena yake isikunjwe wala kufunikwa na kiganja. Kwenye risiva nyingi waya wa monita nao unafanya kazi ya antena, kwa hiyo usiukunje kitita ukaufunga kwa mpira. Transmita iweke juu, antena ikiona jukwaa lote, siyo nyuma ya spika wala chini ya meza.

Tatu ni masafa. Mifumo ya bei nafuu ya gigahezi 2.4 inagombania njia na Wi-Fi na Bluetooth. Mazoezini inatulia, ukumbi ukijaa simu zikiwa mifukoni, inaanza kukatika. Mifumo ya UHF iko jirani na televisheni, kwa hiyo masafa yaliyokuwa safi Mtwara yanaweza kuwa na mwenyewe Masasi. Fanya uchunguzi wa masafa ukiwa palepale, maiki zako zote zisizo na waya zikiwa zimezimwa, halafu washa moja moja.

Mkiwa na transmita zaidi ya moja, usizipange kwa nafasi sawa. Ukiweka moja megahezi 520 na nyingine 521, kwa pamoja zinazaa mawimbi ya kivuli kwenye 519 na 522. Ukiipeleka ya tatu 522 ukidhani umefanya nadhifu, umeiweka juu ya kivuli. Tumia makundi yaliyopangwa na mtengenezaji.

Na nitasema wazi ninavyoona: mpiga ngoma, mpiga besi na yeyote anayekaa kwenye kiti hahitaji mfumo usio na waya. Kiampli kidogo cha kiunoni na waya mrefu vinamtosha, havikatiki, na pesa iliyobaki inunue monita bora.

"Shhh, kuna upepo"

Huo upepo mara nyingi unatokana na kupeleka sauti ndogo kwenye transmita na kuifidia kwa kupandisha risiva. Fanya kinyume. Peleka sauti ya kutosha mpaka taa za transmita zikaribie juu bila kugusa nyekundu kwenye sehemu ya wimbo yenye nguvu kuliko zote, kisha mvaaji ashushe risiva yake. Upepo unashuka nayo.

"Upande mmoja umekufa"

Badilisha pande: ya kulia iunganishe kwenye waya wa kushoto. Ukimya ukihama na monita, tatizo ni monita. Ukibaki pale pale, ni waya au kinachotangulia. Kwenye monita angalia kichujio, kile kitobo cha mdomoni. Nta ya sikio inakiziba taratibu, sauti za juu zinafifia kwanza, mwisho inanyamaza. Isafishe kwa kijibrashi kikavu, tundu likiwa limeelekea chini ili uchafu uanguke nje. Usitie sindano wala maji.

Kwenye viungio, pwani yetu haina huruma. Chumvi na jasho vinatia kutu ya kijani ambayo usipochungulia huioni. Kila baada ya kazi mimi nazifuta kwa kitambaa kikavu, nazifunga kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Zisilale ndani ya gari. Jua la kesho yake linazimaliza.

"Inavuma nikigusa gitaa" na "maiki imenipiga shoti"

Mvumo mzito usiobadilika, wa hezi 50, ni umeme. Ukianza siku kompyuta ya watu wa muziki ilipounganishwa na miksa yako, vifaa viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti. Tumia DI yenye kitufe cha kukata ardhi ya waya wa sauti, na vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme kwenye chanzo kimoja. Mvumo ukianza umeme ulipokatika na jenereta likawashwa, kagua waya wa ardhi wa jenereta na soketi.

Usikate pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uondoke. Nasema hivi nikiwa nimeshawahi kufika kwenye kazi tukapewa umeme wa kuvutwa kwa nyaya mbili tu, bila ardhi, na mwimbaji wetu akachomwa mdomoni na maiki huku ameshika nyuzi za gitaa. Tangu hapo, kabla ya mtu yeyote kupanda, naweka mita kwenye volti za umeme wa nyumbani, ncha moja kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma makumi, hakuna anayeshika maiki wala kuvaa monita ya waya mpaka fundi umeme amalize, hata kama bwana harusi ameshafika mlangoni. Mtu aliyelowa jasho, ameshika nyuzi za chuma, hana kinga yoyote.

"Masikio yanalia nikifika nyumbani"

Hilo siyo la kumwambia mtu "utazoea". NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya na usalama kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa harusi yetu ya masaa manne, kikomo ni 88. Ukifika 100 una robo saa, yaani nyimbo tatu au nne. Monita ya sikioni inaweza kupita hapo kirahisi sana, kwa kuwa imekaa sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio.

Weka limita, kizuizi cha sauti isivuke kiwango ulichopanga, kwenye kila njia ya monita, kwenye miksa na kwenye risiva kama inayo. Haimkingi mtu anayejipandishia makusudi, lakini inamkinga maiki ikianguka, au mtu akichomoa waya wa DI yenye umeme wa volti 48 bila kukuambia. Mlipuko ule hauachi nafasi ya kutoa monita. Nyamazisha chaneli kwanza, kisha waya uchomolewe. Hili nimewafundisha hata vijana wa kubeba vyombo. Wakati wa kuvaa, risiva iwe sifuri, monita zikae masikioni, ndipo sauti ipandishwe polepole.

Kama mpigaji anaomba upandishe kila baada ya nyimbo mbili, usimpandishie tu. Rudi kwenye kizibo chake, kisha kwenye vitu alivyojazwa, kisha kwenye maiki za ukumbi. Mara nyingi atakuambia mwenyewe umshushie. Na akikwambia kesho yake kwamba masikio bado yanalia, au upande mmoja umefifia kama umewekewa pamba, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kazi ya Jumapili ya Lindi atapiga mwingine.